Bunduki za Heshima

…na jeneza limekaa juani kama gari bovu linalosubiri spea, mgeni rasmi hajafika, wanajeshi saba wamesimama na bunduki zao jasho linawatiririka, na aliyewaleta ni mimi, ndiyo, mimi, Honi, fundi tairi, niliyeacha shule mwalimu bado yuko kwenye desimali, nilikwenda mwenyewe mpaka kambini nikamwambia yule karani, sikiliza bosi, mzee wangu kapigana vita, hazikwi kimya kimya kama kuku wa kideri, nataka bendera, nataka tarumbeta, nataka bunduki, na bila bunduki sirudi, nalala hapa hapa mlangoni kwako, karani akacheka akasema wewe kijana una mdomo, nikamwambia hii ni nusu tu, nusu nyingine nimeiacha gereji… na leo tazama, mtaa mzima umekuja, wamevaa, wengine suti za kuazima mabega yanawapwaya, simu zimeshainuliwa juu wapate kupiga video, hawa hawa waliokuwa wakimwita Mzee Uvungu, hawa hawa, yule muuza mkaa alikuwa akipasua mfuko wa plastiki nyuma yake makusudi, paa! mzee chini, kifudifudi, sokoni, watu wanashika mbavu, leo muuza mkaa amesimama mstari wa mbele kavua kofia, safi sana, kaa hapo hapo usikie jinsi mwanaume anavyoagwa… kamanda anatazama saa, tumbo limemtangulia hatua nzima, anasema samahani mama mjane, mheshimiwa yuko njiani, njiani tangu asubuhi, njia gani hiyo isiyoisha, na akifika jina la mzee atalisoma kwenye karatasi, na mama amekaa kwenye kiti cha plastiki anawatazama wale saba, haangalii nyuso, anaangalia mikono yao, anasema, "Mwanangu." Naam, mama. "Wale wana bunduki za nini?" Za heshima, mama, watapiga hewani, hazina risasi. "Watapiga?" Hewani, mama. "Na mlio?" Mlio upo, nimemwambia, mlio ndio utamu wenyewe… nimemwambia hivyo, mimi na mdomo wangu, na tangu niseme hajanitazama tena.

Mlio… nyumba yetu ndiyo pekee mtaani ambayo mlango haukujua kubamiza, nani alipigilia zile raba kwenye fremu, mimi, nilikata tyubu chakavu za gereji vipande vipande nikazipigilia misumari mzee akiwa kaenda kuoga mtoni, milango yote, madirisha yote, hata kifuniko cha debe la unga, kazi safi, hakuna fundi mwingine angewaza, na vikombe vya plastiki, na sufuria hazikutua mezani bila kutandikiwa kitambaa kwanza, na mimi mdomo wangu nilikuwa nauvua mlangoni pamoja na viatu, watu wanashangaa Honi anapiga kelele vile kwa nini, ningezipigia wapi kwingine, ndani tulinong'ona mpaka tukigombana tuligombana kwa kunong'ona, mama akinitukana kwa sauti ya mtu anayesali… na ngurumo zikija mzee anaingia uvunguni, kulikuwa na godoro lake kule na mto wake, mama analala chini sakafuni anapenyeza mikono anamziba masikio, mpaka mvua iishe, mikono ikifa ganzi anambadilishia mkao lakini haachii, na asubuhi mzee anatoka amenyoa ndevu, amechomekea shati, anatuuliza mmelalaje, kama mkuu wa kikosi, na sisi tunajibu tumelala vizuri…

Fundi mwenzangu jana kaniudhi, tuko kwenye matanga yeye anabishana, "Honi, jeshi ni kazi kama kazi nyingine, si alilipwa mshahara? Mkunga aliyemzalisha mama yako akifa nani atampigia bunduki?" Nikamwambia mkunga harushiwi mabomu, we pumbavu. "Sawa, na wewe ulirushiwa? Mbona bendera unaililia wewe? Mzee mwenyewe aliitaka?" nikataka kumzaba kofi, msiba wangu, chai yangu anakunywa, halafu ananiuliza mzee mwenyewe aliitaka… mzee alitaka nini, alitaka kitu kimoja tu, dawa ya ile milio ya vita kichwani, alikwenda hospitali yao ya jeshi na mimi nikiwa nimemshika mkono, tukakaa kwenye benchi na wenye magongo, daktari akamwangalia juu mpaka chini akasema, mzee, mikono ipo miwili, miguu ipo miwili, wewe umerudi mzima, wapishe waliokatika, na mzee akanyanyuka akawapisha kweli, akapiga na saluti, na tulipofika nyumbani akasema daktari yule kasema kweli, wale wameumia… sasa leo wana gari la kuleta tarumbeta, sasa leo wana mafuta ya gari, akiwa hai alikuwa mzima, amekufa ndiyo amekuwa shujaa, na heshima yenyewe waliyomletea ni ipi, ni ile ile aliyokuwa akiikimbia, saba kwa mpigo, juu ya kichwa chake, na mimi ndiye niliyeiagiza, nikaiagiza kama mtu anayeagiza soda.

"Mwanangu, waambie wasipige." Mama, watu wote hawa… na nimegeuka kuwatazama watu wote hawa, simu juu, muuza mkaa kakunja uso wa huzuni ya video, nikiwaambia wasipige kesho gereji nzima itanicheka, Honi kaishiwa upepo, Honi kaleta jeshi halafu kaogopa bunduki, mtoto wa Uvungu ni Uvungu tu, nitaitwa hivyo mpaka nizeeke, najua, wangekuwa wao ningewaita mimi… na mama hakungoja nimalize, kainuka, kiti kimeanguka na yeye kakidaka kabla hakijagusa chini, mazoea, katembea kapita katikati ya wale saba kana kwamba ni nguzo za umeme, kapiga magoti upande wa kichwa, kaweka viganja vyake viwili juu ya mbao ya jeneza, huku na huku, pale masikio yalipo.

Na hakuna anayecheka… au wanacheka sisikii, miguu yangu imeshakwenda, niko chini mavumbini na suruali yangu ya msiba, mbao ina joto la jua, mikono ya mama nimeifunika na yangu yenye masizi ya matairi yasiyotoka hata kwa petroli, na mheshimiwa bado yuko njiani, na wale saba bado wamesimama, na buti za kamanda zimekuja zimesimama mbele ya pua yangu, anasema, "Kijana, mtoe mama, rudini nyuma, taratibu haziruhusu," na mdomo wote ule, unaosikika gereji mpaka sokoni, nimeutafuta sijauona, kilichotoka ni ile sauti ya nyumbani, ndogo, ya kuvua viatu, nikamwambia, afande, polepole, mzee amelala.