Mwangwi wa Genge la Tatu

Jumapili ya pili ya Septemba, saa mbili na nusu asubuhi, watu wanane wa chama cha matembezi walikuwa wakijipaka dawa ya kupe kwenye maegesho ya magari juu ya mto. Kiongozi wao, Merle Hoskins, bibi wa miaka sabini na sita mwenye magoti ya bandia, alikagua kofia. Kila kofia ilichorwa macho mawili kisogoni, maana majira hayo kunguru wa mabaka wana makinda na humvamia mpita njia kutoka nyuma.

"Clive, macho yako yana makengeza," Merle alisema.

"Hata ya mbele, bosi. Mke wangu alilalamika miaka arobaini."

Mke huyo, Thelma, alikuwa amefariki mwezi Juni. Clive hakuja peke yake. Alimleta jirani yake mpya, Shangazi Ettie, mwanamke wa wenyeji wa asili wa nchi ile, mpishi wa shule aliyestaafu. Wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

Njia ilikuwa imechanua. Miti ya mishita ilikuwa na maua ya njano tangu shinani, na mikaratusi ilinukia kama dawa ya kifua. Kwenye genge la kwanza, ukingo wa jabali juu ya maji, walitazama mto wakanywa chai. Kwenye la pili walitazama mto wakala keki za nazi, na kunguru mmoja akamnyang'anya Clive ya kwake.

"Na la tatu?" Shangazi Ettie aliuliza. "Huko tunakula nini?"

"Huko tunasikiliza mwangwi," Clive alisema. "Huwa unachelewa."

Ndivyo ulivyokuwa mwangwi wa genge la tatu. Mtu akimwita mwenzake pale, sauti ilivuka mto, ikakaa ng'ambo, ikarudi mwaka uliofuata au baadaye. Na haikurudi mpaka aliyeitwa awepo kuipokea. Kwa hiyo Merle aliwapanga mstari, na kila mmoja akasogea ukingoni kwa zamu yake.

Clive aliposogea, sauti ya Thelma ilikuja ikiwa na mafua, kwa kuwa mwaka jana alikuwa na mafua.

"Claaaive! Jiko umezima?"

"Nimezima, mpenzi!" Clive alipaza sauti. Alipenga kamasi, akawageukia wenzake akiwa anacheka. "Sikuwa nimezima. Siku ile tulikuta sufuria imekuwa mkaa."

"Haya, Shangazi," Merle alisema. "Wewe ni mgeni, hutakuwa na kitu. Ita tu mtu, mwakani umlete aje asikie."

Shangazi Ettie alisogea, akashika vyuma vya ukingoni. Kabla hajafungua mdomo, ng'ambo ya mto ilisikika mashine ya motaboti, kisha sauti ya mwanamke kijana akiita jina. Mwangwi wa pale huja na kila kilichokuwa nyuma yake.

Kama watoto wengi wa wenyeji wa asili enzi hizo, Ettie alichukuliwa na serikali kutoka kwa mama yake akiwa na miaka minne, akalelewa katika nyumba ya watoto mbali kusini. Faili lake halikutaja mto wala kijiji. Lilisema tu kwamba mama hakupinga. Aliliamini kwa miaka sitini na saba, kwa sababu hakupewa kingine cha kuamini.

Sauti iliita jina lile tena na tena, na katikati yake maneno ya lugha ambayo hakuna mtu pale aliyeijua. Jina hilo, la kabla hajaitwa Ettie, ni la mwenyewe, halitaandikwa hapa. Mashine ilizidi kufifia; sauti haikufifia. Merle alitazama saa. Sauti ilidumu dakika kumi na moja.

"Mimi huyo," Shangazi Ettie alisema. Machozi yalimtiririka naye akitabasamu kwa meno yote. "Jamani, mimi huyo! Msikieni mama yangu alivyo na mapafu!"

"Mwitikie, basi," Merle alisema. "Atakuwa anangoja."

Akaitikia. Aliita "Mama!" mpaka kunguru wakaruka mitini. Merle alimkumbusha kwamba sauti ile haitarudi mpaka aliyeitwa awepo.

"Najua. Hata isirudi. Ikae naye."

Walishuka wakijifunza kulitamka jina lake. Clive alilivunja vibaya kuliko wote.

"Hiyo uliyosema sasa ni aina ya samaki," Shangazi Ettie alimwambia.

"Wewe lugha hujui, umejuaje?"

"Umelitamka kisamaki." Wakacheka mpaka Merle akalazimika kukaa juu ya jiwe.

Wiki hiyo Merle aliandika barua kwa ofisi inayotunza mafaili ya watoto wale, akaeleza siku, mahali na zile dakika kumi na moja, na wote wanane wakatia sahihi. Jibu lilikuja Novemba. Ofisi iliwashukuru kwa kupenda historia. Ilisema mwangwi hauna tarehe wala muhuri, hivyo hauwezi kuingizwa katika kumbukumbu. Faili lingebaki lilivyo: mama hakupinga.

Shangazi Ettie aliisoma barua jikoni kwa Merle, mara mbili, akiwa amevaa miwani ya kukopa. Akaikunja, akaiweka chini ya kikombe.

"Dakika kumi na moja," alisema. "Boti haichukui dakika kumi na moja kupotea kwenye ile kona ya mto. Alikuwa anaikimbilia ukingoni huku akiita, Merle. Mto ule una magenge mangapi mengine huko chini?"

Merle alitandaza ramani mezani, akafuata mto kwa kidole, akihesabu.

"Tisa."

"Basi Jumapili tuanze na linalofuata," Shangazi Ettie alisema, akaenda kupasha maji ya chai.