Sahihi ya Mwalimu Kalekye

Mwalimu Kalekye aliombwa kutafsiri siku wakubwa wawili walipotoka Nairobi kuja Tseikuru kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu sera mpya ya uchumi. Mmoja alikuwa Nzioka, mratibu mkuu wa serikali. Wa pili Mulei, msimamizi wa fedha. Sera yenyewe ilileta ada kwa kila mnyama anayepelekwa sokoni.

Wafugaji walikaa juani tangu asubuhi. Magari yalifika saa nane. Mulei alizungumza Kiingereza kigumu, Kalekye akakigeuza Kikamba, kisha Kiswahili kwa ajili ya wafanyabiashara wa mifugo waliotoka kaskazini mashariki.

Hodan, mama muuza mbuzi, alisimama wa kwanza. "Mheshimiwa, kiangazi kimemaliza nusu ya mbuzi wangu. Hii nusu imebaki ndiyo mnataka nilipie?"

Mulei akatazama saa yake.

Hapo msaidizi wao akamsogezea Kalekye karatasi. "Weka sahihi hapa, mwalimu, kama mkalimani. Ni ripoti tu."

Kalekye akasoma. Wakazi wa Tseikuru wameunga mkono ada kwa kauli moja. Tarehe ilikuwa ya jana. Hasira ikampanda. Watu wameacha mifugo yao, wamechomwa na jua mchana kutwa, kumbe majibu yao yalishapigwa chapa Nairobi!

Akashika maikrofoni, akaisoma ripoti yote, Kikamba kwanza, halafu Kiswahili.

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Nzioka akamgeukia mwenzake. "Si uliniambia hawa walishaulizwa?"

"Tutarekebisha ofisini," Mulei akajibu, tayari ameinuka.

"Mtarekebisha hapa hapa," Kalekye akasema. Hodan na wenzake walikuwa wamezingira magari. Nzioka akaikata ile sentensi kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika juu yake: wamekataa.

Wiki mbili baadaye redio ikatangaza kwamba ada itaanza nchi nzima, isipokuwa Tseikuru, ambako mashauriano yanaendelea. Majirani wakashangilia. Kalekye hakuweza. Dada yake Ndila alifuga mbuzi kule Mbumbuni, nje ya Tseikuru. Akampigia simu.

"Huku hatujaona mtu," Ndila akasema. "Kwani nani alikubali kwa niaba yangu? Nitajie jina."

 Kesho yake Kalekye aliomba ruhusa shuleni, akaenda kutafuta jina la aliyetia sahihi ripoti ya Mbumbuni.