Sala ya Dufie Iliyopita Kengele

Kosa la Dufie alilifanya kanisani, tena amepiga magoti, tena akimwombea mtu mema. Ndiyo maana lilimkaa vibaya rohoni. Ungemtukana mwenzio sokoni ungejua umekosa, ungeenda kumwomba radhi, yakaisha. Lakini hili, jamani, angeanzia wapi?

Pale Techiman, nchini Ghana, akina mama wa kanisa lao hukutana Jumatano asubuhi kuomba, na hawaombi mmoja mmoja. Kiongozi akisema "Tuombe!" wote hufungua vinywa kwa pamoja, kila mtu na lake, kelele mpaka mabati yanatetemeka. Katika kelele zile mtu hulisema lolote lililomjaa, maana hata wa ubavuni hasikii. Halafu kiongozi hutikisa kengele ya mkono, na hapo hapo kimya. Wazoefu huteremsha sauti mapema wakihisi kengele inakaribia.

Dufie alikuwa mzoefu, fundi cherehani aliyewashonea nusu ya wanawake wale sare zao. Ila siku ile machozi yalimzidi. Alikuwa akimwombea Birago, binti wa rafiki yake Frema, aliyekuwa amechumbiwa. Ndugu wa kijana walishakuja kubisha hodi, chupa zao za pombe ya posa zikapokelewa, na sasa walikuwa kwenye kile kipindi cha kuulizauliza: ukoo huu una wezi? Una wendawazimu? Una maradhi gani? Na Frema alimnong'oneza Dufie peke yake kwamba binti ana kifafa, dawa zimekituliza tangu utotoni, na ukoo umeamua kufunga mdomo mpaka ndoa ipite.

"Baba!" Dufie alilia, mikono juu, macho kayafumba. "Kile kifafa cha Birago wa Frema, kifunike Baba, wakwe zake wasikijue mpaka tumwoze!"

Kengele ilikuwa imeshalia. Maneno yale yalisikika peke yake kanisa zima. Dufie alifumbua macho. Frema hakuwepo, alikuwa sokoni kwenye mawese yake. Lakini kwenye benchi la nyuma alikaa Afrakoma, mama mdogo wa yule kijana mchumba, akikunja kitambaa chake cha kichwa taratibu.

Kuanzia hapo kichwa cha Dufie hakikupumzika. Afrakoma alisikia, au hakusikia? Mlangoni alimwambia, "Mungu akubariki." Siku zote husema, "Mungu akubariki sana." Hiyo "sana" ilikwenda wapi? Labda alikuwa na haraka. Mbona basi alisimama kununua karanga? Labda ni mzito wa masikio. Mbona wimbo aliuanzisha yeye? Dufie aliyazungusha hayo mpaka akashona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa kulia, mwenye gauni akamuuliza kama siku hizi anawashonea majini.

Jumapili Frema hakuonekana kanisani. Jumapili ya pili hakuonekana. Basi amesikia! Au anaumwa? Kama anaumwa, si nikamwone? Na nikimkuta hajui, si nitakuwa nimemwambia mwenyewe? Na kama anajua, nianze na salamu au nianze na kulia? Alitunga maneno ya kuomba radhi, akayafuta, akatunga mengine. Kwenda sokoni alizunguka kwa nyuma, kwenye vitunguu, asipite kwenye mawese.

Na kuomba aliomba, usidhani. Kila asubuhi alimwomba Mungu amsamehe, na kesho yake akaomba tena lile lile, kama mtu asiyeamini kwamba jana alisikiwa. Kisha akaongeza: "Bwana, kama hawakusikia, wasisikie. Kama walisikia, wasahau." Hebu fikiria sala hiyo.

Jumapili ya tatu, wakati wa sadaka ulipofika, watu waliitwa kwa siku za juma walizozaliwa kama ilivyo ada, kila siku na kikundi chake, kushindana nani atatoa zaidi. Wa Alhamisi waliitwa. Dufie, aliyezaliwa Alhamisi, akaingia mstarini akicheza, leso inazunguka hewani, ngoma zinapiga.

"Alhamisi, tusiwaachie Ijumaa!" mmoja alipiga kelele.

Alipolifikia beseni la sadaka mkono ulimganda. Maneno ya Bwana aliyoyajua tangu shule ya Jumapili yalimjia yenyewe, bila kuyatafuta: ukikumbuka hapo madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende kwanza ukapatane naye. Aliyasikia mara ngapi? Leo yalimchoma. Hayakusema mtu afikirie kwanza, wala ajue kwanza kama ndugu amesikia au hajasikia. Yalisema aende.

"Baba," alisema moyoni, "sijui nitakachomwambia. Nakwenda hivyo hivyo."

Aliiweka bahasha yake sakafuni, chini ya beseni, akageuka. Wenzake nyuma walikuwa wanakuja wakicheza, akawapita akienda kinyume chao na leso yake.

"Wee Dufie! Unatuangusha Alhamisi!"

Akatoka nje. Njiani alijaribu kutunga maneno, akajikemea, akaimba ili asiyatunge.

Frema alikuwa barazani akichambua majani ya kontomire. Alimtazama toka miguuni mpaka kwenye kilemba.

"Umepotea njia leo?"

"Frema, dada yangu, nimekukosea. Siku ile kwenye maombi, mimi..."

"Najua. Nilijua jioni ile ile. Watu watatu walinifuata sokoni, na hakuna aliyenunua mawese."

Dufie akapiga magoti pale pale. "Nilikuwa namwombea, Frema. Haki ya Mungu, nilikuwa namwombea."

"Na hilo nalijua. Nilicheka hata, mwanzoni. Nikasema, huyu Dufie na mdomo wake, kesho atakuja hapa analia, nimpe maji anywe." Frema alitupa jani bovu. "Hukuja. Mdomo wako ulinikosea siku moja, Dufie. Miguu yako imenikosea majuma matatu. Kila nikisali, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, naparuka. Kanisani nitakwenda kufanya nini?"

"Wakwe wamesemaje?"

"Wamekuja kuzichukua chupa zao, uchumba umekwisha. Jana."

Dufie alishika kichwa. Kumbe lile aliloliogopa lilikuwa limeshatokea, na yeye alikuwa nyumbani kwake anapima salamu ya Afrakoma.

"Usilie kwanza," Frema alisema. "Sisi tulificha, na kosa hilo ni letu. Mimi ungeniomba radhi siku ya kwanza ningekusamehe siku ya kwanza. Nimekusamehe, haya, nimechoka kuparuka. Lakini kifafa si changu mimi. Mwenyewe yuko uani."

Hapo ndipo Dufie alipozinduka. Mawazo yote yale, ya Afrakoma, ya Frema, ya watu watasema nini, ya yeye mwenyewe ataonekanaje, na humo mote hakuwahi kumfikiria Birago hata mara moja. Aliona haya hata kuinuka.

Birago alikuwa anatwanga chikichi za mawese kwenye kinu, kajifunga khanga kifuani. Hakusimamisha mchi.

"Shikamoo, Mama Dufie."

"Marahaba, mwanangu. Birago, nimekuja kwako. Nilikutangaza mbele za watu, halafu nikajificha. Nisamehe."

Mchi ulipanda, ukashuka. "Mama, naomba kukuuliza. Siku ile uliniombea nini? Uliomba nipone, au uliomba wasijue?"

Dufie alifungua mdomo kujitetea. Maneno ya kujitetea alikuwa nayo, tena mazuri. Akayaacha.

"Niliomba wasijue," alisema.

"Ndivyo walivyoniombea wote, tangu mdogo. Mama, wajomba, mchungaji. Wasijue, wasijue." Birago alisimamisha mchi, akajifuta uso kwa kiwiko. Alikuwa amelia, lakini si leo. "Mimi sikuwahi kusikia mtu akiniombea nipone."

Frema alikuwa amesimama mlangoni, majani mkononi. Jirani mmoja alikuwa anachungulia juu ya ukuta, wala hakuficha kwamba anachungulia.

Dufie alimshika Birago kichwa kwa mikono miwili, akaanza kuomba kwa sauti yake yote, akikiita kifafa kwa jina lake na binti kwa jina lake, na hakujiuliza nani anasikia.