Mikate Kumi na Minne ya Rai

Muuguzi, aliyepanda kutoka bondeni kila mwezi, alimchoma Alphonsine kidoleni, akaisoma sukari, akatikisa kichwa.

"Bibi, huu mkate mweupe unaouletewa na gari la mwokaji, upunguze. Ukiula, sukari inapanda mbio. Ule wenu mweusi wa nafaka ya rai, wenye makapi yake, ndio unaokwenda mwilini polepole."

"Huo atauoka nani, mwanangu? Huku juu tumebaki wawili, na huyo wa pili hatusemezani."

Wa pili alikuwa Ferréol, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe Aimé. Siku ya mazishi, miaka tisa nyuma, aliondoka kabla kaburi halijafukiwa, na Alphonsine akaliweka hilo moyoni. Tangu hapo waliishi nyumba zikitazamana, kila mmoja akijua mwenzake yu hai kwa kuona moshi wa dohani.

Zamani, kila Novemba, familia ishirini ziliwasha tanuri la kijiji na kuoka mikate ya mwaka mzima. Ngano haikuiweza baridi ya kule. Rai ndiyo iliyowalea. Mikate ilipangwa darini ikakauka kama gogo, ikakatwa kwa kisu kizito na kuchovywa kwenye supu. Kipande kimoja kilimshikilia mchunga kondoo hadi jioni.

Ilikuwa Novemba tena. Juma lile lile Alphonsine alimimina maji ya moto kwenye unga wa rai, akatia chachu, akaufunika. Asubuhi alipoanza kuukanda, ulimnata hadi viwikoni kama matope, ukamshinda. Miaka themanini na mmoja si mchezo. Akakaa kitini, akalia kidogo. Kisha akavuka njia, akagonga.

Ferréol alifungua, akaitazama ile mikono.

"Unajenga ukuta, shemeji?"

"Nakanda mkate. Umenishinda."

"Kumbe mpaka ushindwe ndipo unikumbuke."

"Kama huji, sema nirudi zangu."

Ferréol akavaa koti.

Walikanda pamoja. Tanuri lililolala miaka mingi lilikula kuni siku nzima. Siku ya pili wakaingiza mikate kumi na minne mahali palipozoea mia. Wakiingoja iive, Ferréol alisema, macho kwenye mlango wa tanuri:

"Siku ile ya Aimé nilijificha zizini. Sikutaka watu wanione nikilia."

"Ungekuja kuniambia."

"Ungenifungulia?"

Alphonsine alijua asingemfungulia.

Mwezi Januari, binti yake Ferréol alipanda kumchukua baba yake akaishi kwake bondeni, maana magoti ya mzee yalikuwa yamekwisha. Alphonsine akamletea mikate saba. Ferréol akapokea miwili tu.

"Meno yenyewe yako wapi? Iliyobaki kula wewe, sukari ishuke."

Ilishuka kweli. Muuguzi akampongeza, akashuka bondeni.

Mwezi Machi Ferréol alipiga simu. Mkate wa huko, alisema, laini kama sifongo. Ukimaliza kula, tumbo linauliza chakula kiko wapi. Wakazungumza habari za theluji, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga. Mwishowe binti akamwita baba yake mezani.

Alphonsine akairudisha simu mahali pake. Akakata kipande, akakichovya, akatafuna taratibu, kwani ule si mkate wa kuliwa kwa haraka, na mchana ulikuwa bado mrefu. Novemba iliyofuata, akiwa peke yake kijijini, hakuliwasha tanuri.