Kaburi la Mchungaji Waweru

Mwalimu Wahome alistaafu akiwa na uhakika wa mambo mawili: kwamba Kiswahili sanifu kimekufa Kitengela, na kwamba babu yake ndiye mtu wa kwanza kutoka Nyeri kununua shamba huko. La kwanza alilithibitisha kila alipowasikiliza majirani. La pili alilipata kwa marehemu baba yake, aliyezoea kusema kwamba Babu Waweru alihama Nyeri mwaka wa 1953, akanunua ardhi kubwa kwa Wamaasai, akafa akiheshimiwa na kuzikwa Kajiado. Baba alisema pia kwamba alikuwa akienda kulisafisha kaburi hilo kila mwaka.

Chama cha wakazi kilipoamua kuipa jina barabara ya murram, isiyo na lami, inayopita mbele ya nyumba zao, Wahome alipendekeza jina la babu yake. Katibu wa chama, Namalwa, mwanamke wa Bungoma aliyekuwa amepanga hapo miaka mitatu tu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hapa kila mtu ako na babu," alisema. "Wewe tuletee kitu tunaweza kuona."

Maneno hayo yalimchoma. Jumamosi iliyofuata alimchukua binti yake Shiro wakaenda makaburi ya umma ya Kajiado. Mlinzi wa makaburi, mama mmoja aitwaye Ndanu, aliwaeleza kwamba daftari lake lilianza mwaka wa 1974, na kwamba waliotangulia wako kule nyuma kwenye miiba, kwa hiyo wakatafute kwa macho. Walitafuta saa tatu. Shiro alisoma majina kwa sauti, baba yake akiandika hata yasiyomhusu, maana alishaanza kujiona mwanahistoria. Mwishowe, chini ya kichaka, wakaona bamba la saruji lililoandikwa kwa msumari kabla halijakauka: WAWERU WA NYERI. MCHUNGAJI WETU MWEMA. 1968.

Wahome alivua kofia. Katika ukoo hakuna aliyewahi kusema kwamba Babu alikuwa na kanisa, lakini yeye alimweleza Shiro kwamba watu wa zamani hawakuwa na majivuno. Aliuona mkono wa Mungu, na kwa mbali kidogo akauona pia uso wa Namalwa.

Ndanu aliwaambia kuna mzee anayekuja kila Desemba kung'oa magugu hapo. Kama wanataka, yuko na namba yake. Wahome alisema huyo lazima ni muumini wa zamani, akashukuru, akaondoka na picha bila namba. Ndani ya gari Shiro aliuliza kama si Guka, yaani marehemu baba yake Wahome, aliyekuwa akilisafisha kaburi. Baba yake akamjibu kwamba bila shaka Guka ndiye aliyemtuma huyo mzee.

Picha ilitosha. Bango likasimamishwa: BARABARA YA MCHUNGAJI WAWERU. Ndugu zake wa Nyeri walipopata habari, walishona fulana za ukoo na kumwomba askofu wa kanisa lao aje kuongoza ibada ya kumbukumbu kaburini. Kilichobaki kujulikana ni jambo moja tu: Babu alihudumu katika kanisa gani? Ndipo Wahome alipompigia Ndanu simu kuomba ile namba.

Mzee mwenyewe aliitwa Parsaoti Katoo. Alikuwa na miaka sabini na mitano na boma nje kidogo ya mji. Alimsalimu Wahome kwa "Sopa" ya Kimaasai, akamkaribisha chai, akamwangalia kwa muda mrefu, kisha akasema masikio ni yale yale.

Wahome alifungua daftari na kuuliza habari za kanisa.

"Kanisa gani?" Katoo alisema. "Waweru alikuwa anachunga mbuzi ya baba yangu."

Wahome hakuandika. Katoo akaendelea taratibu, kama mtu anayehesabu mifugo. Waweru alifika kwao usiku, amekimbia askari wa mkoloni, hana kitu ila blanketi. Baba yake Katoo alimficha na kumpa kundi la mbuzi. Alichunga miaka kumi na tano na hakununua hata futi moja ya ardhi. Alipofariki, walituma barua Nyeri mara mbili. Hakuna aliyekuja.

"Hayo maandishi niliandika mimi," alisema. "Nilikuwa shule. Nilijua Kiswahili kidogo."

Wahome, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, aliinamisha kichwa juu ya kikombe. Aliuliza kama baba yake hakuwahi kuja hata mara moja. Katoo alisema huenda alikuja siku ambayo yeye hakuwepo. Wote wawili walijua ni heshima tu.

Nyumbani alijaribu kurekebisha mambo. Namalwa alimsikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, halafu akasema haoni shida: alikuwa mchungaji, na bango linasema mchungaji. Ndugu zake walimwambia asiaibishe ukoo kwa sababu ya mzee mmoja ambaye huenda anasahau. Basi Wahome akarudi Kajiado na fundi, akamwambia aongeze maneno mawili ya saruji chini ya yale ya zamani: WA MBUZI. Shiro alisema hiyo ndiyo kazi bora ya Kiswahili aliyowahi kuifanya.

Siku ya ibada walikuja watu arobaini wenye fulana. Ndugu yake mkubwa aliliona bamba na kunong'ona kwamba fundi amekosea. Lakini askofu hakubabaika. Alifungua Biblia, akasema mbuzi ndio wale wenye dhambi wanaowekwa mkono wa kushoto, na kwamba Mchungaji Waweru ni wa pekee, maana aliwaacha kondoo akawafuata mbuzi mpaka Kajiado. Watu wakalia. Shangazi mmoja akaokoka papo hapo. Wahome alinyanyua mkono kutaka kuzungumza, wakadhani anasifu, wakanyanyua yao pia.

Magari yalipoondoka, alibaki na Katoo, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe muda wote, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Wahome alikunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu. Hakuwa amezoea, na miiba ilimchoma.

"Anza na mizizi," Katoo alimwambia, akainama kando yake. Kisha akaanza kumtajia mbuzi wa Waweru, mmoja mmoja, kwa majina ya Kikikuyu aliyowapa. Wa kwanza aliitwa Wamaitha.

Wahome alisimamisha mikono. Hilo lilikuwa jina la nyanya yake, aliyeachwa Nyeri.

"Huyo alimpenda sana," Katoo alisema. "Hakukubali achinjwe."