Siku Bonde la Mnyambe Lilipogeuzwa Chanya

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Mwalimu Winfrida alikuwa akipangusa vumbi la chaki kwenye kioo cha kalkuleta ya kuchora grafu, aliyoletewa na mdogo wake kutoka Masasi. Kidato cha tatu wote walikuwa wamekaa, isipokuwa Severina. Severina hajawahi kuona kipindi cha kwanza, na kipindi cha kwanza ni hesabu, somo analolipenda kuliko wali. Alikuwa bondeni na ndoo. Kushuka na ndoo tupu ni mchezo. Kupanda nayo imejaa, acha kabisa.

Alipofika saa mbili, anahema, mwalimu hakumgombeza. Alimwomba autaje mteremko hatua kwa hatua, maana nani anaujua kama yeye? Severina akataja bila kusita: uwanja wa shule sifuri, mkorosho wa kwanza hasi thelathini, jiwe la kupumzikia hasi mia mbili, kisima hasi mia nne na kumi. Mwalimu akaziingiza namba hizo, na bonde likatokea kwenye kioo. Kisha akawaonyesha kazi ambazo mashine ile imetoka nazo kiwandani: ya kipeuo cha pili, ya kutafuta kilele, na ile inayogeuza kila hasi kuwa chanya. Akaibonyeza hiyo ya mwisho.

Bonde likapanda. Lilipanda taratibu, pamoja na mikorosho yake na mbuzi wa Bi Swaumu, likasimama kando ya shule, kisima kikiwa kileleni. Maji hayakumwagika. Bi Swaumu mwenyewe, aliyekuwa huko akichuma kisamvu, alisema kwamba sasa kuna upepo, akaendelea kuchuma.

Kesho yake wanawake walipanda na ndoo tupu, wakashuka na ndoo zilizojaa. Jamani, raha! Waliteremka wakiimba, na wasichana wakashindana kufika chini bila kumwaga hata tone. Wanaume walitazama, wakiwemo kaka wawili wa Severina, wakakubaliana kwamba kazi imekuwa nyepesi mno, haifai tena kumsumbua mwanamume. Hata ilipokuwa nzito haikuwa imewasumbua.

Saa moja kamili Severina akaingia darasani. Alikaa mbele, akacheka peke yake kwa furaha, akamwambia mwalimu kumbe somo hili lina mwanzo.

Jioni baba yake, Mzee Gervas, alimsifu kwa kuwahi.

"Kwa kuwa umewahi hivyo," alisema, "kesho utachota mara mbili."

"Na hesabu, baba?"

"Hesabu haikauki, mwanangu."

Habari ikamfikia Mwalimu Winfrida jioni hiyo hiyo, akaenda kwao.

"Shikamoo, Baba Severina."

"Marahaba, mwalimu. Karibu korosho."

Mzee alimsikiliza kwa heshima zote, akakubali kwamba elimu ni kitu kizuri. Barazani, wale kaka wawili walikuwa wakicheza bao. Mwalimu aliwatazama, akatoa kalkuleta mkobani, akapekua vitufe kimoja kimoja. Vilikuwepo vya kupindua namba na vya kukata mduara. Cha kuwainua wale hakikuwepo. Akaaga, akafungiwa korosho za njiani.

Asubuhi iliyofuata Severina alishuka mlima mara ya pili huku akiimba, ndoo kichwani, mikono hewani. Aliingia darasani saa mbili. Hakuwa akihema tena. Mwalimu alikuwa ameshafuta ubao.