Mwaka Mmoja Tu

Sahani ilipotua mbele yake, Obdulia alirudisha kiti nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Hazikuwa soseji zilizomshtua, wala viazi. Ni mvuke wa kabichi chachu uliompanda puani na kumrudisha utotoni, kwenye koti la mama yake.

"Hukipendi?" aliuliza Noelia, binti yake.

"Kula kwanza wewe."

Mkahawa huo wa Kijerumani ulijibanza nyuma ya soko kuu la Zaragoza, na kwa kuwa bei yake haikumtisha mtu, mchana ulijaa makarani na mafundi waliokaa bega kwa bega. Kwa miaka mingi Obdulia alikuwa akipita mlangoni bila kugeuza shingo. Leo Noelia alimshika mkono na kumwingiza, akisema wana jambo la kuzungumza.

"Nimepata kazi, mama. Ya unesi, hospitalini. Huko Stuttgart, Ujerumani."

"Na mwanao Jara?"

Noelia alikata soseji vipande vidogo vidogo, kama anayemkatia mtoto. Hakula hata kimoja. "Nitamwacha kwako. Mwaka mmoja tu. Nikishapata nyumba, nitakuja kumchukua."

"Mwaka mmoja tu," Obdulia alirudia. "Mama naye alisema hivyo hivyo alipokwenda huko huko Ujerumani. Nilikuwa na miaka minne. Aliporudi kuishi nami, nilikuwa na kumi na mitatu."

Miaka ile tisa ilikuwa ya vifurushi: chokoleti, na wanasesere waliofumba macho ukiwalaza. Kila Krismasi mwanamke mmoja alishuka kwenye basi la kijijini, koti likinuka kabichi, akafungua mikono akitaka kukumbatiwa. Naye Obdulia alijificha nyuma ya sketi ya bibi. Aliishi akiamini kwamba mama yake, Felisa, aliondoka kwa moyo mwepesi.

Mhudumu, Mjerumani mnene aliyekwisha kuuzoea utani wa mji ule, alisimama kando yao. "Mabibi, vipi tena? Mpishi akiziona sahani hizi atafunga mizigo arudi kwao!"

"Mpishi hana kosa," alisema Obdulia. "Koo zetu ndizo zimefunga."

Noelia alicheka, lakini kicheko kikakatikia njiani. Alijifunika uso kwa kitambaa cha mezani, mabega yakitikisika. Mhudumu akajiondoa taratibu.

"Tangu juzi simezi kitu, mama. Nikimwangalia tu alivyolala, basi."

Obdulia alivitazama vile vipande vilivyokuwa vinapoa. Kwa mara ya kwanza alimwona Felisa, msichana wa miaka ishirini na mitano, katika bwalo la kiwanda cha ugenini, ameinamia sahani kama hii, chakula hakipiti. Picha hiyo haikumfariji. Alikuwa amemzika mama yake bila kumuuliza hata neno moja.

"Unakubali?" Noelia aliuliza.

"Mwenyewe umemwambia?"

"Bado. Ndege ni ya kesho alfajiri. Nilifikiri niondoke akiwa amelala, iwe rahisi."

"Rahisi kwa nani?" Obdulia aliweka uma chini. "Mimi mama aliniacha nimelala. Nilimtafuta mpaka kwenye banda la nguruwe. Hadi leo nikilala mchana naamka roho juu."

"Hujawahi kuniambia, mama."

"Basi nimekwambia. Na wewe utamwambia leo hii, akiwa macho, nami nikiwepo. Hayo mengine tutajua baadaye."

"Akilia je?"

"Atalia."

Waliondoka wakiwa wameacha nusu ya chakula. Upepo mkali wa kaskazini ulikuwa ukiburura karatasi barabarani, nao wakatembea hadi shuleni kumchukua Jara. Lango lilipofunguliwa watoto walimiminika, na Jara, mwenye miaka sita, alipowaona alikuja mbio, mkoba ukimpigapiga mgongoni.

"Mmekuja nyote wawili!" alipiga kelele kwa furaha. "Leo kuna sikukuu gani?"

Noelia alipiga magoti palepale njiani. Obdulia akamwekea mkono begani, asijue kama anamsukuma au anamzuia.